Mshindi wa Safari, urefu sentimita 25

Peugeot 404 ya kweli ina urefu wa mita 4.44. Igawe kwa 18, unabaki na sentimita 24.7, gari la kubeba kwa viganja viwili. Kwa ukubwa huo kampuni ya Norev ya Ufaransa huliuza kwa watu wazima wanaokusanya vigari: milango inafunguka, bampa zinang'aa, rangi haina doa. Ni gari la karani wa Lyon anayekwenda ukweni Jumapili.

Sasa tazama picha za zamani za gari hilohilo likiwa Afrika Mashariki. Bert Shankland, Mskoti aliyeweka makazi Tanzania, na msoma ramani wake Chris Rothwell walishinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1966 wakiwa na 404, na mwaka uliofuata wakarudia. Nick Nowicki na Paddy Cliff walikuwa wameshatangulia kushinda kwa 404 mwaka 1963, wakashinda tena 1968, na miaka hiyo miwili inasimuliwa hadi leo kwa kuwa magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Safari ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye ikawa ya Pasaka, wakati masika yameshika. Magari yake hayakuwa ya kwenda ukweni. Yalivaa taa za ziada, raba za kuzuia matope na ngao za mabomba mbele ya grili. Baadhi yalikuwa na vishikio na vikanyagio nyuma, ili gari likinasa msoma ramani apande pale, arukeruke, tairi zipate kung'ata ardhi.

Kutoka gari la kwanza hadi la pili kuna kazi ya miezi. Wapo watu sehemu nyingi za dunia ambao burudani yao ndiyo hiyo: kununua kigari cha kiwandani, kukifumua, kisha kukitengenezea vipande visivyouzwa popote, vingine kwa kuchonga na kukunja kwa mkono, vingine kwa kusubu rezini ndani ya kalibu ya silikoni. Nami nimo, na kigari kilicho mezani kwangu ni 404 ya Shankland.

Wageni wakiona meza yangu husema ni ubunifu wa mtu mwenye nafasi nyingi. La nafasi silikatai. La ubunifu nina shaka nalo, maana kila kipande ninachotengeneza kilishatengenezwa na mtu mwingine kwa ukubwa wake kamili, gerejini, mashindano yakiwa mlangoni. Fundi yule alichukua bomba alilokuwa nalo, akalipinda, akalichomelea, akatoboa matundu pale chuma kilipokubali. Ninachofanya ni kumfuata hatua kwa hatua, nikiwa nimechelewa zaidi ya nusu karne. Na hapo ndipo kigari kinapofaulu au kuanguka. Ukiona ngao imekunjwa kona ambayo bomba la chuma lisingeikubali bila kupasuka, unajua mtengenezaji aliitazama picha lakini hakumfikiria fundi.

Kazi huanza na hesabu za darasa la nne. Taa ya ziada ya inchi 7 ina kipenyo cha milimita 178. Kwa uwiano wa 1:18 ni milimita 9.9, tuseme 10. Bomba la ngao la milimita 32 linashuka hadi milimita 1.78. Na milimita 1.78, kwa bahati njema, ndiyo kipenyo cha shaba iliyomo kwenye waya mgumu wa 2.5, ule ambao mafundi umeme huupeleka kwenye soketi za nyumba zetu. Kipande cha nusu mita kilichotupwa kwenye kifusi cha nyumba inayojengwa kinatosha ngao nzima na chenji inabaki. Unauvua ganda, unaunyoosha kwa kuuviringisha juu ya kioo, unaupinda kwa kuuzungusha kwenye shina la kekee ili kona zote ziwe na mviringo mmoja, kisha unalehemu maungio. Shaba hupokea lehemu vizuri mradi umeisugua kwa msasa kwanza. Ukimaliza, usiisafishe lehemu yote. Mchomeleaji wa kweli aliacha mshono unaoonekana, na wewe uache wa kwako.

Bodi la kigari lina shida ya aina nyingine. Limesubiwa kwa aloi ya zinki yenye unene wa milimita moja na nusu hivi. Ukiukuza mara 18 unapata bati la milimita 27, ambalo lingefaa kifaru chepesi. Macho hayajui hesabu hiyo, lakini huhisi kwamba kuna kitu hakiko sawa kwenye ukingo wa mlango na kwenye matao ya tairi. Dawa yake ni tupa: unapunguza unene kwa upande wa ndani, pale tu ukingo unapoonekana, na kwingine unaacha kama ulivyo. Ni kazi ya kuchosha na vumbi lake ni baya. Ila ukikiweka kigari kilichofanyiwa hivyo kando ya kisichofanyiwa, hata mtoto atakuambia kipi ni gari na kipi ni kidude cha kuchezea.

Kwa sehemu bapa, kama vile kinga ya chini ya injini, mabano ya taa na vibao vya namba, malighafi kuu ni bamba la polistirini. Ulaya na Marekani huuzwa madukani kwa unene mbalimbali, hata wa robo milimita. Huku kwetu ni rahisi zaidi kugeuza kikombe cha mtindi na kusoma namba iliyo ndani ya pembetatu. Ikiwa 6, hiyo ni polistirini: inakatika kwa wembe, inalegea kwa joto la mshumaa, na inaungana kwa gundi ya plastiki, ambayo huyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja. Ikiwa 5, irudishe kwenye ndoo ya taka. Hiyo ni polipropilini, na gundi hiyo haitaishika. Kasha gumu la CD nalo ni polistirini, tena angavu. Ukuta wa kopo la soda una unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, ambao ukikuzwa mara 18 unakaribia milimita mbili, kwa hiyo kibao cha namba umeshakipata. Kipande cha chandarua kuukuu kinakuwa wavu wa kukinga taa na mawe.

Ubahili huu una ukoo wa heshima. Miaka ya 1960 timu ya Derek Meddings, iliyotengeneza mashine za kipindi cha televisheni cha Thunderbirds huko Uingereza, ilibandika kikamulio cha limau cha plastiki kwenye ukuta wa karakana ya roketi, na watazamaji wakaamini ni mtambo. Jack Odell, mhandisi wa London, alichonga rola dogo la shaba kwa ajili ya binti yake, kwa kuwa shule iliruhusu tu vitu vya kuchezea vinavyoenea kwenye kasha la kibiriti. Kwenye kipande hicho kimoja cha mkono ulikaa mwanzo wa vigari vya Matchbox, vilivyoingia sokoni mwaka 1953.

Kampuni kubwa ina njia zake. Shunsaku Tamiya wa Japani, alipotaka kutoa Porsche kwa uwiano wa 1:12 miaka ya 1970, alinunua Porsche 911 ya kweli akaifumua ili aielewe kipande kwa kipande. Sisi wengine tuna picha, na picha hazielewani. Gari la Safari wakati wa kuondoka si lile lililorudi. Taa imepasuka, raba ya tairi la kushoto imeng'oka, mlango umebonyea. Ukichanganya picha ya asubuhi ya kwanza na ya siku ya mwisho, unapata gari ambalo halikuwahi kuwepo saa yoyote. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, chagua saa. Wengi huchagua mwisho kwa sababu ya matope. Mimi napendelea mwanzo, kazi yote ya fundi ikiwa bado mahali pake.

Taa za ziada ni nne, na hapo ndipo rezini inapoingia. Kuchonga taa moja nzuri ni kazi ya jioni. Kuchonga nne zisizotofautiana ni balaa, na jicho huziona tofauti za taa zilizopangwa mstari mmoja haraka kuliko kosa lolote lingine. Basi unachonga moja, yaani mama, halafu unaisubu mara nne, au kumi ukipenda.

Mama ya taa hukerezwa. Usiye na mashine ya kukerezea, funga drili kwenye jiliwa, ingiza kipande cha fimbo ya plastiki, kizungushe taratibu huku ukikilisha tupa, kisha msasa, kisha msasa laini zaidi uliolowa maji. Usiwe na haraka hapa. Silikoni hunakili kila kitu, pamoja na alama ya kidole chako kwenye rangi ambayo haikukauka vizuri, na kosa moja la mama litazaliwa tena kwa kila mtoto.

Ukiridhika nayo, unaibandika uso chini juu ya kipande cha kioo na kuizungushia ukuta. Matofali ya Lego yanafaa sana, maana unapanga kisanduku cha ukubwa unaoutaka na kukibomoa baadaye. Silikoni ya kalibu huja na dawa yake ya kugandisha, na vipimo vyake ni vya mizani, si vya kukisia. Ikishachanganywa huwa nzito kama asali. Imimine kwa uzi mwembamba kutoka juu, kwenye pembe moja tu ya kisanduku, uiache itambae yenyewe hadi iifunike mama. Uzi ule mwembamba huvunja viputo kabla havijafika chini. Halafu nenda kalale. Aina nyingi huhitaji saa 24.

Kuna mtego unaowanasa wengi kwenye kalibu za pande mbili, ambazo mama huzikwa nusu kwenye udongo wa kufinyangia ili upande mmoja umiminwe kwanza. Baadhi ya udongo wa kuchezea watoto una salfa. Silikoni inayogandishwa kwa platinamu ikigusana na salfa haigandi. Utafungua kisanduku kesho yake ukute utelezi umenata kwenye mama yako. Ile inayogandishwa kwa bati haina udhaifu huo.

Rezini yenyewe, ya poliyurethani, ni vimiminika viwili vinavyochanganywa, mara nyingi nusu kwa nusu. Zile za haraka hukupa dakika mbili au tatu, na dakika hizo si za kupokea simu. Nyunyiza poda kidogo ya mtoto ndani ya kalibu na uipulize, ili rezini iteleze mpaka pembeni. Mimina tone la kwanza, lisukume kwa kijiti cha meno kwenye kila kona, kisha jaza. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kimiminika ni angavu, chenye umanjano kidogo. Mara wingu jeupe linachomoza katikati, linatanuka kuelekea kingo, na ndani ya sekunde chache kidude chote kimekuwa cheupe na cha moto mkononi. Nimeshaliona mara nyingi na bado huacha kila kitu nikalitazama.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada. Kimojawapo cha vimiminika hivyo kina isosayaneti, na isosayaneti ikikutana na maji hutoa hewa ya kaboni dioksaidi. Mvuke uliomo hewani Tanga au Mombasa unatosha. Badala ya taa ngumu unapata kitu chenye povu ndani, chepesi, cha kutupa. Kwa hiyo chupa hufunguliwa, humiminwa na kufungwa papo hapo, na huwekwa kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usikorogee kwenye kikombe cha karatasi wala kwa kijiti cha mbao. Vyote viwili vimebeba maji.

Viputo vidogo hubaki hata ukijitahidi. Wenye uwezo huiweka kalibu kwenye chungu maalumu cha presha kilichounganishwa na kompresa, kwa baa tatu au nne. Hewa haiondoki, ila kiputo kinaminywa hadi hakionekani, na rezini inagandia hapo. Sufuria ya presha ya jikoni haikutengenezwa kwa mgandamizo huo, na anayekushauri uitumie anataka kukuona hospitalini.

Vipande vikitoka huoshwa kwa maji ya sabuni, la sivyo rangi itabanduka. Gundi ya plastiki haiviungi, maana haiwezi kuviyeyusha. Hapa ni supa gluu au epoksi. Kilichopinda hulowekwa kwenye maji ya moto kikanyooshwa. Na usuguaji wote ufanyike kwa maji, ukiwa na barakoa ya kweli, dirisha likiwa wazi hata wakati wa kukoroga. Vumbi la rezini linaumiza mapafu, na isosayaneti huwaletea baadhi ya watu pumu isiyowaacha tena.

Anayeona bei ya vifaa hivi ni ya kutisha, njia ya panya ipo. Silikoni ya kuzibia masinki, ile yenye harufu ya siki, ukiikanda na wanga wa mahindi inakuwa donge linaloganda mapema, na unaweza kulikandamiza juu ya mama badala ya kumimina. Rezini ya poliesta wanayotumia mafundi wa boti za faiba nayo inasubika. Inanuka vibaya, inasinyaa zaidi, na ina stirini inayokula polistirini, hivyo usiimwage juu ya kikombe chako cha mtindi kilichogeuzwa mabano ya taa. Kwa magurudumu ya spea inafaa kabisa.

Kioo cha taa kipo kwenye pakiti ya vidonge. Vile vijumba vya plastiki vimebinuka tayari, na ukipima utapata vyenye milimita 10. Karatasi ya foili nyuma yake, mistari michache kwa ncha ya sindano, na taa inaangaza.

Kuna vitu ambavyo havikubali kupunguzwa, na hapa wengi hubishana nami. Raba ya kuzuia matope ukiikata kwenye tyubu halisi ya baiskeli haitaning'inia, itasimama wima kwa ukaidi. Sababu ni kwamba ukipunguza kila kipimo mara 18, uzito unapungua mara 5,832, ilhali ukakamavu wa raba uko palepale. Bati la kopo lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa na kukunjwa kidogo linafanana na raba kuliko raba yenyewe. Mchanga nao ni hivyohivyo. Chembe ya nusu milimita kwenye kigari ni kokoto ya milimita 9 kwenye gari. Matope ya Safari hutengenezwa kwa unga wa rangi, na aliyezaliwa huku anajua kuwa hayana rangi moja: wekundu wa Taru si weusi wa tambarare za Athi.

Printa za tatu-dimensheni zimeingia, na vijana huchapa leo kile ambacho mimi nakereza. Sina ugomvi nazo. Anayechora kwenye kompyuta bado lazima ajue bomba linapindaje. Ugomvi wangu ni na wanaonunua kipande kilichochongwa na mwenzao, wakakitia kwenye silikoni na kuuza nakala. Kalibu haiulizi mama ni ya nani. Mwenye kalibu anajua.

Kigari cha Shankland kikiisha, rafuni kina majirani wa kushindana nao. Hasegawa ya Japani imetoa kwa 1:24 Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na Beemax imetoa Toyota Celica ya mwaka 1985 ya Juha Kankkunen. Wajapani waliipenda Safari mapema. Mwaka 1969 walishaitengenezea filamu, na mapenzi hayo bado yanalipa kodi ya viwanda vya vigari.

Magari yaliyobeba abiria wetu hayana bahati hiyo, na hayatakuwa nayo. Kiwanda cha vigari kinahitaji magari maelfu yanayofanana, lakini matatu ya Nairobi hufika kama kichwa na chesi ya Isuzu, bodi linajengwa na mafundi wa huku, na kila moja huvaa taa, michoro na jina lake. Wapo vijana wa Nairobi wanaotengeneza matatu ndogo kwa maboksi na plastiki, michoro ikiwa kamili, na kwa umakini wa macho wanawashinda Wazungu wengi wenye makabati ya vifaa. Dar es Salaam kulikuwa na magari yaliyoitwa chai maharage, abiria wakikaa wakitazamana kwenye mabenchi. Unguja bado kuna malori madogo yenye bodi za mbao zilizo wazi ubavuni. Bodi la mbao kwa 1:24 ni vijiti vya aiskrimu vilivyopasuliwa kwa wembe, magurudumu ni rezini, na chesi inaazimwa kwenye lori lolote la kiwandani.

Kinachokosekana ni vipimo, na magari hayo yanazidi kupungua. Ukikutana na moja limeegeshwa, muombe dereva ruhusa, bandika karatasi ya A4 ubavuni, simama mbali, lenga katikati ya gari na upige picha moja ya upande mzima. Kisha piga mbele, nyuma, na chini kama dereva ni mpole. Karatasi hiyo ina urefu wa milimita 297, na kutoka hapo kila ubao, kila bomba na kila taa utaipima ukiwa nyumbani.